Sahihi tano zipo, kosa nalo lipo: nyinyi mnapitiaje miongozo ya kazi za hatari?

Bi_Maabara ameuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Mimi ni mwandishi wa miongozo ya kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji. Nilianzia maabara, nikipima mabaki ya klorini kwenye sampuli, na sasa ni mwaka wa sita nashughulika na nyaraka. Nina swali, lakini halitaeleweka nisiposimulia kwanza kilichotokea.

Mwaka jana tuliandika upya mwongozo wa kubadilisha mitungi ya klorini. Kwa asiyeijua, klorini ni gesi nzito kuliko hewa, karibu mara mbili na nusu. Ikivuja haipandi ikapotea. Inatambaa sakafuni na kujikusanya mashimoni. Ndiyo maana feni ya kufyonza hewa kwenye chumba cha mitungi hufungwa chini, usawa wa miguu. Akiivuta mtu kwa wingi, mapafu yanajaa maji, na anaweza kuzidiwa saa kadhaa baada ya kutoka mle ndani akidhani amepona.

Waraka ulizunguka na fomu yenye visanduku vitano vya sahihi: msimamizi wa zamu, mhandisi wa mitambo, afisa usalama, mkuu wa ubora, meneja. Ulichukua siku 11. Maoni yaliyorudi ninayo mpaka leo kwenye faili. Nembo isogezwe kushoto. Neno "idara" lianze kwa herufi kubwa. Jedwali la ukurasa wa 4 mistari yake ni minene mno. Na la mwisho: "Kazi nzuri sana." Ukasainiwa, ukatiwa plastiki, ukabandikwa mlangoni.

Hatua ya 9 ilisomeka hivi: "Fungua vali ya mtungi taratibu."

Wiki ya tatu akapangiwa kazi hiyo kijana mgeni, mwezi wake wa pili kwetu. Kijana huyu alitokea gereji, na gereji mnajua wenyewe: kufungua injini ni kuibomoa, kufungua pampu ni kuitoa nati moja baada ya nyingine. Akachukua spana malaya, akaipachika kwenye nati iliyo chini ya shina la vali (kile kijiti kinachozungushwa kuifungua), nati inayobana pakingi, yaani kizibo kinachozuia gesi isipenye, akaanza kuilegeza. Taratibu, kama alivyoelekezwa. Mzee wa zamu alikuwa anaandika daftari mlangoni, akasikia mlio mwembamba kama wa tairi linalopungua upepo. Aliruka, akaikaza ile nati kwa mkono wa kijana ukiwa bado umeshika spana, akamvuta nje. Barakoa zao zilikuwa shingoni. Tahadhari ya kuvaa barakoa nilikuwa nimeiweka kwenye kisanduku chekundu kizuri, chini ya ukurasa, baada ya hatua ya 9.

Kijana alikohoa siku mbili, basi. Mungu alitusitiri.

Kikao cha uchunguzi kikauliza kijana alifundishwa na nani. Mimi usingizi ulininyima kitu kingine: watu watano, tena wajuzi, walitia sahihi, na mimi wa sita ndiye niliyeandika. Nikawafuata mmoja mmoja, si kwa kulaumu. Mhandisi alikagua namba za presha, na zilikuwa sahihi. Afisa usalama aliangalia kama alama za tahadhari zipo, na zilikuwepo. Mkuu wa ubora alikagua namba ya toleo na tarehe. Msimamizi wa zamu alisaini kwa kuwa mhandisi ameshasaini, na meneja kwa kuwa wanne wameshasaini. Isitoshe, mtu aliyekaa na klorini miaka kumi, "fungua vali" kwake ina maana moja tu. Hata angeisoma mara mia asingeiona ile nyingine.

Sasa naomba mnisaidie, mlioko kwenye ndege, migodi, mafuta, dawa. Mnafanyaje ili mpitiaji apitie kweli? Sahihi niongeze au nipunguze? Na mnaoandika kwa Kiswahili, haya maneno yetu ya funga na fungua mnayatawala vipi?

FundiHanga:

Dada, pole kwa yaliyowapata. Na nashukuru hukumtupia kijana mzigo wote, maana ndivyo inavyofanyika mara nyingi.

Nina miaka 19 kwenye matengenezo ya ndege, na saba ya mwisho naandika kadi za kazi za mafundi. Nianze na lugha, kwa sababu kosa lako lilianzia hapo kabla hata ya sahihi.

Wenzetu wa ndege waliliona tatizo hili kwenye Kiingereza mapema. Mwaka 1986 watengenezaji wa ndege wa Ulaya walitoa mwongozo wa Kiingereza kilichorahisishwa, ambao leo unaitwa ASD-STE100. Msingi wake ni neno moja, maana moja. Mfano wanaoupenda ni neno "follow". Kwa Kiingereza cha kawaida linaweza kuwa kuja nyuma ya kitu, au kutii maagizo. Wao wameliachia maana ya kuja nyuma peke yake. Ukitaka mtu atii maagizo, unaandika "obey". Na sentensi ya maelekezo haizidi maneno 20.

"Funga" yetu ni mbaya kuliko hiyo. Funga vali, funga mashine mpya, funga kamba, funga bolti. Kuzuia, kusimika, kufunga fundo, kukaza, zote neno moja. Kwenye kadi zangu nimepiga mstari: funga na fungua ni kwa kitu kinachopitisha mafuta, hewa au umeme tu. Kuweka kifaa mahali pake ni kupachika. Kukiondoa ni kutoa. Bolti inakazwa na kulegezwa. Mafundi wazee walinung'unika mwezi mmoja, wakazoea. Ile orodha ya maneno 40 na kitu ipo ukurasa wa kwanza wa kila kabrasha, na mwandishi akitumia neno nje ya orodha, kadi inarudi kabla haijafika kwa mpitiaji yeyote.

Kuhusu urefu, usiige maneno 20. Kiswahili kinapakia mzigo mkubwa ndani ya neno moja. "Usipoifunga" ni neno moja, lakini ndani kuna mtendaji, kukanusha, sharti, kitu na kitendo. Mimi ukomo wangu ni maneno 12.

Sasa sahihi. Tarehe 8 Januari 2003 ndege ndogo aina ya Beech 1900D ilianguka mara tu baada ya kuruka pale Charlotte, Marekani, wakafa wote 21. Usiku wa kuamkia tarehe 7 fundi alikuwa amerekebisha nyaya za usukani wa mkia, akaruka hatua kadhaa za mwongozo. Mkia ukawa hauwezi kushusha pua ya ndege kiasi kinachotakiwa. Kazi ile ilikuwa na mkaguzi, na aliipitisha. Lakini mkaguzi ndiye huyohuyo aliyekuwa anamfundisha fundi kazi ile, na alikubaliana naye kuziruka zile hatua. Kwenye karatasi utaona macho mawili. Kwa kweli lilikuwa jicho moja. Wachunguzi wakasema pia kwamba jaribio kamili la usukani mwishoni mwa kazi lingelifichua kosa, wakataka miongozo iwe na jaribio hilo.

Naisimulia hii kila ninapofundisha mpitiaji mpya. Sahihi ya pili ina thamani ikiwa mwenye nayo anaweza kuona kitu ambacho wa kwanza hakioni. Sahihi zako tano zilikuwa za watu watano waliokaa upande mmoja wa meza.

Ninachofanya mimi: juu ya kila kisanduku cha sahihi kuna swali moja, na kila mtu lake. Mhandisi: "Namba gani kwenye waraka huu ikikosewa italeta madhara, na umeihakiki kwa kutumia nini?" Afisa usalama: "Tahadhari ipi inasomwa baada ya hatari kuanza?" Anajibu kwa maneno yake, kwa mwandiko wake. Asiyejibu hana sahihi. Hilo la barakoa lingekamatwa siku ya kwanza, kwa sababu angelazimika kuitafuta tahadhari iliyo nyuma ya hatua.

Na usifanye hivi kwa nyaraka zote, watu watachoka na mtarudi kulekule. Chagua zile ambazo kosa likishapita hakuna tena mahali pa kulikamata. Mwaka 1990 kioo cha mbele cha ndege ya BAC One-Eleven kilichomoka angani Uingereza, rubani akavutwa nusu ya mwili nje, wenzake wakamshikilia hadi walipotua Southampton. Alipona. Kioo kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla, na kati ya bolti 90, bolti 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa. Bolti zilichaguliwa kwa kulinganisha kwa macho, usiku, na kazi ya kioo haikuwa kwenye orodha ya kazi zinazodai ukaguzi wa mtu wa pili. Kutengeneza orodha hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Kwenu, mtungi wa klorini uwe namba moja.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Mpitiaji wa kwanza awe mtumiaji, na apitie akiwa kwenye kifaa, si mezani. Meneja awe wa mwisho.

Kilindini_Zamu:

Dadangu, salamu kutoka Mombasa. Mimi ni wa zamu, upande wa matangi ya mafuta. Siandiki, nasomewa.

Naongezea la redio. Usiku pampu zinanguruma, mwenzio yuko juu ya tangi, wewe uko chini kwenye vali. Anakusomea hatua kwenye redio: "Usifungue namba tatu." Kile kisilabi cha kukataza ni kidogo sana, na redio hukata mwanzo wa maneno mtu asipobonyeza vizuri. Unachosikia ni "...fungue namba tatu." Sisi tuliomba waandishi wetu waondoe "usi" kwenye kila kitu kinachoweza kusomwa hewani. Sasa imeandikwa: "Vali namba tatu ibaki imefungwa." Hata ukikatika mwanzo, unasikia "imefungwa". Na anayesikia hurudia maneno yote kabla hajagusa kitu.

La pili, waraka usipitiwe peke yake. Sisi kila anayeingia kazini husimuliwa habari ya Piper Alpha, ile mitambo ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988. Watu 167 walikufa. Pampu moja ilikuwa na vibali viwili: kimoja cha matengenezo ya pampu yenyewe, kingine cha vali yake ya usalama, ambayo ilikuwa imetolewa na mahali pake pakazibwa kwa kifuniko. Pampu nyingine ilipozima usiku, wa zamu walijua kibali kimoja tu, wakaona pampu hii inaweza kuwashwa. Wakaiwasha. Kila karatasi kivyake ilikuwa na maneno yake. Hakuna aliyeziweka mbili hizo mezani pamoja. Kwa hivyo ukipitisha mwongozo wa mtungi, uwe na mwongozo wa feni na wa barakoa pembeni, uangalie kama vinasema kitu kimoja.

Ubora_Vidonge:

Niko kiwanda cha dawa. Njia moja ya kuwajua wanaosoma: panda kosa la makusudi ndani ya rasimu, kwa mfano kipimo kilichozidi mara kumi. Asiyelikamata, hajasoma. Unampa nafasi ya pili.

FundiHanga:

Hapana, ndugu yangu. Kwa nyaraka za hatari usithubutu. Rasimu huwa zinatembea. Kuna mtu ataichapa, ataiacha kwenye kabati la zamu, na miezi minane baadaye kipimo chako cha makusudi kitakuwa mikononi mwa mtu mwenye haraka. Nimeona rasimu iliyofutwa ikitumika hanga nzima, karakana yote ya ndege, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Kama unataka kujua nani amesoma, muulize swali ambalo jibu lake halipatikani bila kusoma.

Ubora_Vidonge:

Nimekuelewa. Kwetu rasimu haziwezi kuchapwa nje ya mfumo, ndiyo maana sikuliona hilo. Nimeliondoa kwenye ushauri wangu.

Mtaalamu_Kanda:

Kwa nini msiandike Kiingereza tu? Vali, presha, pakingi, vyote vimetoka huko, na mtengenezaji anatoa mwongozo wake kwa Kiingereza. Tafsiri ndiyo inayozaa makosa.

Bi_Maabara:

Kaka, mtengenezaji aliandikia watu wake. Kwenye zamu zetu nne nina waendeshaji 17, na wanaosoma Kiingereza cha kiufundi bila kusitasita hawafiki watano. Waliobaki watamuuliza mwenzao, na mwenzao atawatafsiria kichwani, usiku, bila mtu wa kumpitia. Tafsiri itafanyika tu. Mimi nataka ifanyike mchana, kwa maandishi, mbele ya mtungi mtupu.

Bi_Maabara (baada ya wiki tatu):

Wakuu, nimerudi kutoa taarifa.

Nilichukua rasimu mpya nikaenda nayo ghala la mitungi. Nikamwomba yule kijana asome kwa sauti, hatua moja moja, na yule mzee aliyemwokoa atende kwa mikono yake kwenye mitungi mitupu. Mzee nilimwambia asitumie anachojua, atende kile tu anachosikia. Mimi nilikaa kimya na kalamu, naandika kila mahali mkono wake unaposita.

Hatua zilikuwa 22. Mkono ulisita mara 14.

Niwape mbili. Tuna mitungi mikubwa ya tani moja inayolazwa chini, ile yenye vali mbili mbele. Ikilazwa sawasawa, vali moja inakuwa juu ya nyingine: ya juu inatoa gesi, ya chini inatoa kimiminika. Kimiminika kikivuja ni balaa, kwa sababu ujazo mmoja wa kimiminika unazaa zaidi ya mara 400 wa gesi. Kwa hiyo penye uvujaji panatakiwa paletwe juu, itoke gesi badala ya kimiminika, ndipo watu wapate muda. Mimi nilikuwa nimeandika: "Geuza mtungi ili sehemu inayovuja iwe juu." Kijana akasoma. Mzee akasimama ameweka mikono miwili juu ya chuma, akanitazama. "Mwanangu, niugeuze kichwa kije huku, au niuviringishe?" Kugeuza kwake ni kuelekeza upande mwingine. Angeleta winchi. Tukaandika: "Viringisha mtungi palepale ulipolala, mpaka sehemu inayovuja iwe juu."

Ya pili ni ya amonia. Mnajua uvujaji hutafutwa kwa mvuke wa amonia: ukikutana na klorini unatoa moshi mweupe. Waraka ulisema "nyunyizia amonia kwenye maungio." Mzee akakataa kabisa. Akasema wao hawanyunyizii, wanaibonyeza chupa kidogo utoke mvuke peke yake, kwa sababu maji ya amonia yakigusa maungio na klorini ipo, shaba inaliwa. Amefanya hivyo miaka yote, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Mhandisi alipopelekewa akafungua vitabu, akarudi akasema mzee yuko sahihi.

Hatua ya 9 ameiandika kijana mwenyewe. Imekuwa hatua tatu. "Vaa barakoa ya gesi. Weka spana ya vali kwenye kichwa cha mraba cha shina. Zungusha mzunguko mmoja kinyume na mishale ya saa, polepole." Chini yake akaomba tuongeze mstari kwa herufi nzito, tukauongeza: "Nati ya pakingi isiguswe." FundiHanga, nimehesabu. Yote yako chini ya maneno 12.

Sahihi zimebaki tatu, kila moja na swali lake. Mhandisi alilijibu lake kwa nusu ukurasa na kunishukuru, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Meneja ni wa mwisho.

Kimekwama kimoja. Kisanduku cha kwanza nilikiandika "Aliyeusoma na kuutenda", nikaweka majina mawili, la mzee na la kijana. Fomu imerudishwa na masijala. Wanasema kwenye orodha ya vyeo vya kupitisha nyaraka hakuna cheo hicho, na kijana bado yuko kwenye majaribio, hana mamlaka ya kusaini. Nimejibu kwamba sitaki mamlaka yake, nataka macho yake. Jumatatu naingia kwenye kikao kulitetea. FundiHanga, kama unayo fomu yenu isiyo na majina, yenye yale maswali juu ya visanduku, niwekee hapa kabla ya siku hiyo nikawaonyeshe kwamba kuna mahali inafanyika.